Mukimo Chini ya Kiti

Shangazi aliondoka Embu saa kumi na mbili asubuhi akielekea Meru, kwa ruracio, mazungumzo ya mahari, ya binti wa kaka yake, akiwa amejipanga. Pilau ilikuwa kwenye hotpoti mpya na chapati ishirini kwenye nyingine. Sufuria kubwa ya mukimo wa ndizi, mahindi na majani ya boga aliivika masweta mawili kuukuu, akaifunga kwa leso na kuitia kikapuni.

"Mathe, hii yote inalipiwa viti vingapi?" makanga akauliza. Mizigo ikasukumwa chini ya kiti.

Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka yakifika nyuzi 95 au 96 tu, kwa hiyo hata kabla ya safari chakula cha kuchemsha kimeshapunjwa moto kidogo. Kisha kuna barabara yenyewe: Runyenjes, Chuka, Igoji, Nkubu, kona juu ya kona, na matatu inayosimama popote penye mtu aliyeinua mkono.

Walipopita Chuka, mzee wa kiti cha jirani alikuwa amevua viatu na kutuliza nyayo zake juu ya kikapu.

"Mama," akasema kwa furaha, "gari hii ina hita nzuri sana."

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, wala kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Waliotoa ushauri huo huenda hawajawahi kungoja wazee wa pande mbili wakizungumzia mbuzi na asali. Kikao kiliisha saa sita na nusu.

Hotpoti ya pilau ikagoma kufunguka. Mvuke uliofungiwa ukiwa moto hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje hukandamiza kifuniko. Vijana watatu waliishika kama wanaomkamata kondoo. Mama wa jikoni mmoja akapenyeza kisu chembamba ukingoni, fsss, ikaachia. Pilau ilikuwa vuguvugu. Kwa kuwa wali uliopoa polepole huweza kuumiza tumbo hata ukipashwa upya, wazee wakanyimwa. Ilikuwa imepoa kwa sababu hotpoti hiyo ilijazwa nusu tu, tena bila kusuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka.

Chapati hazikutandikiwa kitambaa cha kunyonya jasho. Zilitoka kama daftari lililonyeshewa.

Mukimo je? Ulifuka. Ni chakula kizito, sufuria ilijaa hadi juu, na sufu ya sweta hunasa hewa isiyopitisha joto upesi. Ndivyo kinavyofanya kazi kikapu cha kupikia ambacho maafisa wa kilimo hufundisha vikundi vya akina mama: githeri huchemshwa kidogo, kisha humalizikia kuiva ndani ya mablanketi.

Anayepanda matatu na hotpoti, basi, abebe na kisu chembamba. Na kikapu cha mukimo akiweke miguuni pake mwenyewe.