Kurudiana Kuna Kamati

Milima haikutani, binadamu hukutana. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi binadamu hawakutani mpaka liundwe grupu la WhatsApp, achaguliwe mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha waanze kuulizana nani hajatuma mchango.

Ndivyo tulivyofanya sisi tuliomaliza shule pamoja. Mwanzoni ilikuwa asali tupu: picha za zamani, "jamaniii umenenepa!", na vicheko hadi usiku wa manane. Likaja suala la sare. Wanawake wakataka kitenge, wanaume fulana. Rangi haijapatikana, wenzetu kadhaa wakajitoa kwenye grupu, wakabembelezwa, wakarudi, wakajitoa tena.

Nilijipa moyo kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilivunjika mwaka 1977, na Kenya, Uganda na Tanzania zikavutana juu ya mali hadi mwaka 1984 ziliposaini mgawanyo wake Arusha. Mwaka 1999 Moi, Mkapa na Museveni wakatia saini mkataba mpya, Arusha hiyo hiyo, na leo nchi wanachama ni 8. Kama waliogombania ndege na mabehewa walipatana, sisi kitenge kitushinde?

Siku ikafika. Mweka hazina akatuma ujumbe kuwa amepata safari ya ghafla. Fedha za chakula nazo zilikuwa safarini. Ukumbini tukakuta soda, biskuti na hotuba ya mwenyekiti. Ukumbi wa jirani palikuwa na sendofu, na harufu ya pilau haijui ukuta. Hotuba haijafika katikati, nusu ya darasa ilishahamia kule, inampigia vigelegele bibi harusi isiyemjua hata jina.

Mgeni rasmi, mwalimu wetu mstaafu, akaamua kuita majina. Mmoja akaja mbio kuitikia "nipo!", paja la kuku mkononi. Mwalimu akamwamuru apige magoti. Akapiga, diwani mzima, na suti yake!

Kwa kweli hapo ndipo tulipocheka pamoja kama zamani, na hakuna aliyechangishwa senti kwa kicheko hicho. Kwa hiyo, msomaji, ukimkumbuka mwenzako wa zamani, mpigie simu, mkutane kwa chai na maandazi, kila mtu ajilipie. Mkizidi watatu, tafadhali, msichague mweka hazina.