Masanga ya Darasani

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya, kule Jadotville, Likasi ya leo. Gita moja, dole gumba na kidole cha shahada, basi: Masanga, wimbo wake, ikaingia kwenye santuri.

Tangu hapo waigaji hawalali. Ulaya wameiandika kwa nota. Dole gumba lina mstari wake, cha shahada kina wake, na anayeteleza nusu pigo huona haya. Muziki wao umenyooka kama shuka la hoteli. Kasoro ni moja tu: Mwenda mwenyewe hakumwiga Mwenda. Alichopiga leo, kesho alikigeuza. David Rycroft, aliyemchambua katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, alisema wazi kwamba yale ni mambo ya kubuni papo hapo. Kwa kipimo cha waigaji hao, marehemu Mwenda angefeli mtihani wa Masanga.

Sisi wa Kolwezi hatushangai. Shaba yetu huondoka kwa malori, ikarudi nyuzi za gita ndani ya pakiti, na bei juu. Mbona wimbo nao usirudi na mwalimu?