Mheshimiwa Asiye na Gasketi

Nchini Kenya ukitaja Prado, msikilizaji haoni gari, anaona mheshimiwa. Anaona vioo vyeusi, mlinzi aliyekaa mbele, na mkono unaochomoza dirishani ukigawa noti. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alisoma bajeti akawaagiza wakubwa wa serikali waachane na magari ya injini kubwa, wapande yasiyozidi cc 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat, na wapo mawaziri walioyang'ang'ania yale makubwa hadi wakasemwa magazetini.

Yangu ina cc 2982 na hakuna aliyeniomba niirudishe. Ni Prado ya umbo lile la zamani, la kati ya 1996 na 2002, yenye injini ya dizeli ambayo mafundi huiita 1KZ. Dashibodi inasema imetembea kilomita laki tatu na kitu. Fundi wangu anasema hiyo ni namba ya adabu tu, kwa sababu mita ilishalala na kuamka mara kadhaa kabla gari halijafika kwangu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwangu ni Bura, upande wa mlimani, juu ya misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1892. Lami ya kutoka Mwatate kwenda Taveta inabaki kule chini, na sisi wa juu tunaendelea kupanda kwa imani. Mvua ikinyesha, njia inakuwa tope jekundu. Gari dogo hufika kona ya kwanza, likafikiri kidogo, kisha likarudi lenyewe kinyumenyume. Kwa hiyo gari linalovuta kwa magurudumu yote manne si maringo hapa. Ni namna ya kufika nyumbani na viatu viwili.

Nenda kawaeleze hivyo watu wa harambee.

Mwalimu mwenzangu ana pikipiki. Akichanga mia tano, anapigiwa makofi na kuombewa baraka. Mimi nikichanga mia tano, mshereheshaji anasubiri. Anaitazama noti, ananitazama mimi, analitazama gari pale chini ya mwembe, kisha anakileta kipaza sauti karibu na mdomo: "Mwalimu ameanza na mia tano!" Ameanza! Mimi nilikuwa nimemaliza. Umati mzima unageuka kuona mkono wangu utaingia mfuko gani sasa, na mama mmoja wa kwaya anaanzisha pambio la kunitia moyo. Nimewahi kuchangia bati za kanisa lisilo la dhehebu langu wakati bushi za mbele za gari langu zikigonga kiasi cha kuamsha mbwa wa tarafa nzima.

Watu husema gari kuukuu linakula spea. Ni kweli, lakini spea ina bei, na ukishailipa umeilipa. Heshima haina bei iliyobandikwa.

Fundi wangu yuko Mwatate, chini ya mgunga, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Magonjwa ya gari ameyagawa mafungu matatu: yatakayokusimamisha njiani, yatakayokupigia kelele tu, na yale anayoyaita "ya wenye pesa". Breki, beringi za magurudumu na belti ziko fungu la kwanza, na hapo hakubali mjadala wala mkopo. Shoki zilizokwisha ziko fungu la pili. Kioo kisichoshuka, redio iliyokufa, na mlango wa nyuma unaofunguka kwa anayeujua tu, hayo ni ya wenye pesa. Kwa miaka yote hii, mimi na yeye tumeishi katika fungu la kwanza, tukilichungulia la pili kila mwisho wa mwezi.

Siku alipogundua ugonjwa mkubwa, aliugundua kwa kidole gumba. Ilikuwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Alifungua boneti, akaubinya ule mpira wa juu wa rejeta, ukabonyea. Akaniambia niwashe. Haikupita hata dakika mbili akaubinya tena, ukakataa kubonyea, na maji yenyewe hayajapata moto. Akafumba macho.

"Mwalimu, moshi wa silinda unaingia kwenye maji."

Akanieleza polepole, jinsi mimi ninavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Hedi ya injini hii ni ya alumini, bloku ni ya chuma. Vikipata moto, alumini inatanuka kuliko chuma, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayoteseka. Gari likishachemka sana, kama hili lilivyochemka kwa wenyewe wa zamani, hedi inapinda, au inapasuka kabisa. "Gasketi na kuisawazisha hedi kwenye mashine, pamoja na kazi, andaa elfu arobaini," alisema. "Na kama imepasuka, Mwalimu, hiyo tutaiongea tukiwa tumekaa."

Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kutuliza wakati nikitafuta pesa. Ipo. Unawasha hita ya ndani hadi mwisho, feni juu kabisa, ili joto la injini litolewe kupitia kwa abiria.

Mtu asiyeijua Voi hawezi kuelewa uzito wa agizo hilo. Voi iko chini, karibu mita 600 tu juu ya bahari, na mchana wa Februari hata mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima. Nimewapeleka watu harusini Voi wakiwa wamevaa suti, hita ikivuma, vioo vyote chini isipokuwa kile kisichoshuka, ambacho kila mara hukaa upande wa mtu mzima kuliko wote. Walifika wakiwa wamelowa, na wenyeji wakadhani kwetu mlimani kumenyesha.

Sasa ongeza ndovu. Kutoka Bura kuelekea Maktau, barabara inakata maeneo ya wanyama wanaotoka na kuingia Tsavo, na ndovu huvuka wanapotaka wao. Ilikuwa kiangazi. Nilikuwa nampeleka shangazi yangu sokoni Taveta, na nyuma tulibeba mitungi ya maji ya kulinyweshea gari njiani. Mshale wa joto ukaanza kupanda, nikapunguza mwendo, ukaendelea kupanda, nikasimama. Mvuke ukatoka kwenye boneti pande zote. Kabla sijashika mlango, shangazi akanikamata mkono. Kwenye vichaka vya upande wa kushoto walikuwa wamesimama, wekundu kwa vumbi la huku kwetu, masikio yakipepea polepole, na yule jike mkubwa akiwa ameinua mkonga kuelekea kwetu.

"Mwanangu," shangazi alinong'ona, "wananusa maji."

Maji yalikuwa nyuma yetu, kwenye mitungi ambayo mmojawapo kifuniko chake ni mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Tukafunga vioo. Gari lilikuwa bado linatoa sauti ya chungu cha maharagwe. Shangazi alianza sala, akaikatiza katikati akaniuliza kwa nini nisinunue gari dogo kama la wenzangu, akaendelea na sala pale pale alipoachia. Ndovu hawakuwa na haraka. Walipomaliza kuvuka, yule mkubwa alisimama lami akatutazama kwa muda, nadhani akitulinganisha na hali yake, akaondoka.

Dakika chache baadaye lori la mahindi likatokea Taveta. Dereva akapunguza mwendo, akachungulia. Aliona boneti iliyoinuliwa, mvuke, mzee wa kike akijipepea kwa kanga, na mwalimu akimimina maji kwa kikombe cha chai. "Mheshimiwa," aliniita, "kuna shida?"

Kuhusu spea nitasema machache. Katika duka moja la Voi, muuzaji hakuniuliza kama nataka orijino au nyingine. Aliuliza, "Mzee, unataka ya kukaa au ya kufika?" Nilinunua ya kufika. Ilifika, nusura.

Mafuta ni hadithi ya kila tarehe 14, siku ambayo mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei za mwezi unaofuata na walimu wenye magari hukaa karibu na redio. Septemba 2023 dizeli ilipanda hadi shilingi 200.99 kwa lita Nairobi, na mwezi uliofuata ikazidi. Nikaliegesha gari, nikaanza kupanda matatu. Nilidhani watu watanihurumia, hata wanipunguzie kadi za michango. Baada ya wiki moja nikasikia habari zangu sokoni: eti Mwalimu amenunua gari jingine jipya, amelificha Mombasa, na hili la zamani ameliegesha ili aonekane hana kitu. Kadi zikaongezeka.

Ningekuwa nimeshaliuza kitambo kama si usiku. Mchana gari hili ni la michango; usiku ni la wagonjwa. Simu ikilia saa nane usiku na mvua inanyesha, huwa sijiulizi ni nani. Boda haiwezi kumshusha mama mwenye uchungu kwenye tope lile. Kijijini kwetu kuna mtoto ambaye wenzake humwita Prado. Alizaliwa kabla hatujafika hospitali ya Mwatate, hita ikiwa juu kabisa, na mkunga alisema hajawahi kuona mtoto aliyepokewa kwenye joto zuri namna ile.

Lakini mwaka huu gasketi ilichoka kabisa, na gari likalala nyumbani. Akaja kijana wa Voi, akalizunguka, akapiga teke tairi, akataja bei ya vyuma chakavu. Nilikuwa tayari kukubali. Habari zilifika chini kabla yeye hajafika, na jioni hiyo mzee wa kijiji alikuja kwangu na ujumbe wa watu kama kumi, wengine sijawahi kuwapa hata lifti.

"Mwalimu," alisema akiwa bado amesimama, "unauza gari letu bila kutuuliza?"

Nikawakaribisha chai. Nikawaeleza alumini na chuma, nikawaeleza elfu arobaini. Walinisikiliza kwa heshima, wakatoka nje wakazungumza kwa Kidawida chini ya mgomba, wakarudi na uamuzi: kutakuwa na harambee ya kulitengeneza gari, Jumapili baada ya ibada. Kamati ikachaguliwa pale pale. Kwa kweli nilishindwa hata kushukuru vizuri.

Kadi zililetwa siku ya Ijumaa, zimechapishwa Voi, herufi za dhahabu. Nikasoma kusudi la mchango, mahali, saa. Nikafika kwenye mstari wa mgeni wa heshima, atakayeongoza mchango akiandamana na marafiki zake wengi, nikakuta jina langu.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati shambani kwake. "Mghosi, gari linalochangiwa ni langu mimi. Nitakuwaje mgeni wa heshima?"

Aliegemea jembe, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Sasa Mwalimu, hapa kwetu mwenye Prado mwingine ni nani?" Kisha akainama kuendelea kulima. "Na uje nayo. Vijana watasukuma."