Koti la Mtoto na Hofu ya Baba

Mtoto wa miaka minne hana mwili wa kumaliza kitambaa. Kwa hesabu ya kawaida koti lake lingekuwa rahisi: mikono mifupi, mgongo mdogo, zipu ya shibiri mbili. Lakini ingia maduka ya Minneapolis mwezi wa Oktoba ujionee. Hapa pana koti la dola 35. Pembeni yake limetundikwa la dola 120. Ukisogea kwenye yale maduka yenye taa za manjano, ambako muuzaji hakusemeshi mpaka umwangalie machoni, utakuta la zaidi ya dola 500. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, kwa vazi ambalo mwenyewe atapangusia kamasi kabla hamjafika kwenye gari.

Watu husema tofauti ya bei ni ubora. Ipo, sikatai. Lakini baada ya misimu kadhaa ya kusimama mbele ya makoti haya nikiwa nimeshika mkono wa binti yangu, nimeridhika kwamba dola 50 za mwanzo hununua koti, na zinazofuata karibu zote hununua utulivu wa mzazi. Mwenye hofu kubwa hulipa zaidi. Na mimi nimezaliwa Tanga, kwa hiyo hofu yangu ilikuwa ya daraja la kwanza.

Tanga, usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzijoto 20, wazee hutoa masweta na kulaumu kusi. Minneapolis, alfajiri ya kawaida ya Januari ni kama nyuzi 14 chini ya sifuri, na nasema ya kawaida. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi 33 chini ya sifuri, na posta ya Marekani ikasimamisha kupeleka barua Minnesota. Katikati ya mji wamejenga njia za vioo juu ya barabara, jengo hadi jengo, jumla yake kama kilomita 15, ili mtu aende kazini, ale, anyoe nywele na arudi bila kukutana na hewa ya nje. Wenyeji wenyewe wanaikimbia baridi yao, halafu mtu wa pwani unaambiwa umpeleke mtoto chekechea, na kwamba huko chekechea watamtoa nje acheze.

Ndiyo, watamtoa. Minnesota watoto hutolewa nje karibu kila siku, isipokuwa baridi ya upepo ikizidi kiwango walichojiwekea. Nilipomuuliza mwalimu kama hilo ni lazima, alinijibu kwa tabasamu kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Msemo huu wanaupenda sana watu wa nchi za baridi. Mimi naamini aliyeutunga alikuwa na duka la makoti.

Basi tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye fulana ya mikono mifupi, jambo lililonifanya nitilie shaka ushauri wake tangu mwanzo. Akauliza mtoto atakuwa nje kwa muda gani. Nikamjibu, "Kidogo sana, Mungu akipenda." Akaanza somo. Kuna makoti yaliyojazwa manyoya laini ya bata, na kuna yaliyojazwa nyuzi za kiwandani. Ya manyoya yana namba, 550, 650, 800, na namba hiyo inaeleza jinsi manyoya yanavyoumuka. Yakiumuka zaidi hushika hewa nyingi zaidi kwa uzito uleule. Yakilowa, hunywea na joto linaisha. Nyuzi za kiwandani huvumilia maji. Mke wangu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama mtoto tunampeleka chekechea au tunampandisha Kilimanjaro.

Mimi nilikwama kwenye jambo moja. Kijana alisema koti halitoi joto. Joto linatoka kwa mtoto, koti linazuia tu lisitoroke. Hilo liliniuma. Kumbe tunadaiwa dola 120 na jiko ni la kwetu!

Binti yangu naye alikuwa na kipimo chake. Hakuangalia namba wala kitambaa. Alijaribu mifuko, mmoja baada ya mwingine, kuona kama mawe yataenea. La dola 35 mifuko yake ilikuwa ya kudanganyia, imeshonwa mdomo. La dola 120 lilikuwa na mifuko minne, mmoja wa siri. Hivyo ndivyo lilivyochaguliwa, na mtu asije akasema ni namba 650. Afadhali kidogo ilikuja kwenye kulipa: Minnesota nguo hazitozwi kodi ya mauzo. Nadhani wabunge wa huko nao wana watoto.

Jioni tukampigia bibi yake, Lushoto. Nilikuwa nimevaa shati la heshima, maana mkwe ni mkwe hata akiwa ndani ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu hajambo? Hilo koti shilingi ngapi?"

Mke wangu akamtajia kwa shilingi. Simu ikawa kimya. Nikasema, "Mama, mtandao umekatika?"

"Haujakatika. Nahesabu mbuzi."

Akatukumbusha kwamba Lushoto nako kuna baridi, na kwamba yeye amelea watoto saba kwa masweta ya kufuma na uji wa moto. Nikajaribu kumweleza kwa unyenyekevu kwamba huku maji ukiyamwaga nje yanaganda. Akauliza, "Sasa mnayamwaga nje ya nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Koti likaanza kazi. Kabla halijamaliza hata juma, muuguzi wa kliniki akatuambia mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake cha gari akiwa amevaa koti nene. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasisitiza hivyo, na sababu yao ina maana: gari likigonga, koti linabonyea na mkanda uliodhani umekaza unakuwa umelegea. Kwa hiyo mtoto avuliwe koti, afungwe mkanda ukae mwilini, kisha koti alivae kinyume juu ya mkanda. Nilimwomba arudie. Yaani koti la kumkinga na baridi linavuliwa kwenye baridi, ndani ya gari ambalo usukani wake haushikiki? Ndiyo. Tangu hapo binti yangu husafiri katika barabara kuu ya 94 kwa mtindo wa dereva wa bodaboda wa Arusha, koti limegeuzwa, mgongo uko kifuani, uso umetulia kabisa.

Kumvalisha ndiko kulikonifundisha subira. Suruali ya theluji hutangulia, kisha buti, kisha koti, kofia, skafu, na glavu mwisho kabisa kwa sababu mwenye glavu hawezi kujisaidia kwa lolote. Glavu ya pili ikishaingia, ndipo sauti hutoka ndani ya skafu: "Baba, mkojo." Hakuna koti la bei yoyote lenye dawa ya hilo.

Chekechea kila mtoto ana kulabu yake ukutani, na kwenye kulabu hizo koti hukaa muda mwingi kuliko linavyokaa mwilini. Nilipita siku moja katikati ya asubuhi nikakuta ukuta mzima umejaa makoti yanayoota joto bila watu ndani yake. Pembeni kulikuwa na sanduku la vitu vilivyopotea, limejaa glavu, na hakukuwa na jozi hata moja. Glavu za watoto hutoroka mojamoja. Nafikiri zimeapizana.

Jioni ya siku nyingine binti yangu alitoka na koti la rangi ileile, kampuni ileile, ila mikono iliishia karibu na kiwiko. Lake lilikuwa limekwenda nyumbani na mtoto mwingine, ambaye kwake lilifika magotini na hakuna mtu aliyeona ajabu. Nikapewa simu ya baba wa mtoto yule, tukakutana kwenye maegesho ya duka la vyakula usiku, theluji inaanguka, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Tulibadilishana bila maneno mengi, tukakagua mifuko, tukaagana. Yeyote aliyetuona kutoka mbali alikuwa na haki ya kuita polisi. La kwetu lilirudi na mawe yasiyo yetu.

Halafu akakua. Nilijua watoto hukua, lakini sikujua kwamba hukulia mikononi kwanza. Kufika Machi, kati ya glavu na mkono wa koti palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ndiyo theluji huipenda. Makampuni mengine yana ujanja: hushona mkono wa koti kwa kuukunja ndani, na mtoto akirefuka unakata uzi maalumu, mkono unashuka kiasi cha kumpa msimu wa pili. La kwetu, pamoja na mfuko wake wa siri, halikuwa na uzi huo. Bibi alipoambiwa alifurahi, akasema ni dalili kwamba mtoto anakula. Kuhusu mbuzi hakusema kitu. Hakuhitaji.

Aliyetuokoa ni jirani mmoja, mama wa Kisii. Wakisii ni wengi vitongoji vya huku, na yeye ameona baridi nyingi. Alimkuta mke wangu anaangalia makoti mapya kwenye simu, akamuuliza, "Dada, unanunulia mtoto koti ama unanunulia bwana yako usingizi?" Kisha akamchukua kwenda duka la nguo za watoto zilizotumika. Biashara hiyo huku ni kubwa: Once Upon a Child, mtandao wa maduka ya namna hiyo, ni mali ya kampuni ya Winmark, yenye makao yake hapahapa Minnesota. Wazazi huuza nguo zilizowabana watoto wao, wengine wanazinunua.

Mke wangu alipoingia mle macho yalimng'aa. Amekulia kwenye mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, na hakuna chuo cha Marekani kinachofundisha anachokijua. Alipandisha zipu na kuishusha mara kadhaa. Alinusa makwapa. Aliingiza mkono hadi mwisho wa kila mfuko kutafuta tundu. Alilinyoosha koti kwenye mwanga kuona kama manyoya yamejikusanya chini. Akapata la kampuni ileile, saizi ya juu, la dola 18, mifuko minne. Akamgeukia msichana wa kwenye kaunta na kumuuliza bei ya mwisho ni ngapi. Msichana akakisoma upya kile kikaratasi cha bei, kwa wasiwasi. "Dada, huku bei haipunguzwi," jirani akanong'ona. Mke wangu alilipa dola 18 zote, lakini uso wake ulionyesha kwamba mazungumzo hayajaisha.

Koti hilo lilikuwa na kasoro moja: ndani ya ukosi liliandikwa jina la mtoto wa kwanza kwa wino usiofutika. Mwalimu mpya wa zamu alisoma ukosi, akamwita binti yangu kwa jina hilo, naye akaitika. Aliendelea kuitika mpaka tulipoitwa shuleni kuulizwa tumemwandikisha kwa jina gani hasa.

La zamani tulimpa msafiri alipeleke Lushoto, kwa binamu wa binti yetu. Bibi ametoa ripoti. Binamu alilivaa asubuhi moja ya Julai, kufika saa nne akawa analowa jasho, akalivua na kukataa kulirudia. Sasa bibi huifunika nalo sufuria ya uji, na anakiri kwamba uji unakaa moto mpaka wageni wa mwisho. Yule kijana wa dukani alisema kweli basi: koti halitoi joto, linalizuia tu lisitoroke. Bibi anaongeza kwamba hata hivyo blanketi kuukuu lingetosha.

Kwa mzazi mgeni wa nchi za baridi anayeniuliza atumie kiasi gani, jibu langu ni hili. Koti zima la mtumba kwa dola 15 hadi 25 linatosha. Ukitaka jipya, subiri Februari maduka yanapoondoa mzigo wa baridi, ununue la msimu ujao, saizi moja juu, na usivuke dola 60. Angalia vitu vitatu: lisipitishe maji, lifunike kiuno, na zipu yake mtoto aweze kuifunga mwenyewe. Ndani yake mvalishe sweta, maana hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo haina bei. Usinunue jeupe. La dola 500 waachie wenye dola 500 za kupangusia kamasi.

Chenji itakayobaki, nunua glavu. Nunua jozi nyingi, za rangi moja, ili zinazobaki zioane.