Wababe Watano wa Jeni, Kutoka Namatala Hadi Ziwa Victoria

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Namatala na Nabuyonga ilifurika ikaleta msiba Mbale, Uganda. Mazingira yakigeuka ghafla hivyo, jeni hazina muda wa kubuni jipya. Hupona mwenye akiba ya jeni. Nimewapanga wababe watano. Bisha, lakini soma kwanza.

5. Mpunga
Tuanzie mashambani, bonde la Namatala. Mpunga wa kawaida ukizama hurefuka kwa pupa kutafuta hewa hadi nguvu ziishe. Wenye jeni ya Sub1A, iliyopatikana katika mbegu ya kienyeji ya Odisha, India, husitisha kukua na kubana sukari yake hadi wiki mbili.
*Hukumu:* Mtulivu. Anashika mkia kwa sababu wiki ya tatu hana jibu.

4. Kamongo
Kinamasi kikikauka, samaki huyu anaweza kujifukia topeni, akajifunika ute na kulala miezi. Binamu yake, Protopterus annectens, ana DNA ya herufi bilioni 40 hivi. Wewe una bilioni 3.
*Hukumu:* Bingwa wa usingizi. Usijione mnyonge, herufi nyingi kati ya hizo ni marudio.

3. Mbu
Tuliposambaza vyandarua vyenye dawa, Anopheles gambiae wa mpakani mwa Uganda na Kenya walionekana na nakala za ziada za jeni Cyp6aa1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sumu.
*Hukumu:* Alama zote, makofi hapati. Vyandarua vyenye kemikali ya PBO huvibana vimeng'enya hivyo. Zamu yetu!

2. Sisi wenyewe
Nakala moja ya jeni ya selimundu hukinga dhidi ya malaria kali. Mbili huleta ugonjwa wa maumivu makali. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walionyesha jinsi jeni hii inavyotofautiana kati ya makabila ya Uganda.
*Hukumu:* Kinga ghali kuliko zote. Wapenzi, mkapimwe kabla ya harusi.

1. Nkejje
Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Tangu hapo samaki hawa, furu kwa Watanzania, wametoa spishi takriban 500! Mababu wa mito tofauti walizaana, wakachanganya jeni za kale, zikiwemo za kuonea kwenye maji angavu na ya tope.
*Hukumu:* Bingwa, hakuna rufaa. Ila sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, alimeza spishi nyingi pamoja na akiba yao, na akiba hiyo hairudi. Unayedai mpunga umeonewa, njoo na hoja, na mbegu za aina zaidi ya moja.