Barua ya wazi kwa Mshenga wa mahusiano kazini

Kwa Mheshimiwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004.

YAH: POSA YETU KUCHELEWA GETINI

Shikamoo Mshenga. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wa kiwanda cha mabeseni tuliposikia jina lako mara ya kwanza tulicheka, utuwie radhi. Kwetu, ukisikia fulani na fulani wana mahusiano kazini, huo ni umbea wa bohari. Kumbe ulimaanisha mfanyakazi na mwajiri! Tukasoma kifungu chako cha 3, unapotaja malengo yako: uchumi ukue, tija iongezeke, haki ya jamii itendeke, majadiliano ya pamoja yawe ya hiari. Mimi nimewahi kuposa mara mbili na sijawahi kuandika barua tamu namna hiyo.

Tukafuata utaratibu. Chama kilikuwapo, tukajiunga hadi tukavuka nusu ya wafanyakazi, kama unavyotaka. (Kwako wafanyakazi husajili chama wakikutana angalau ishirini, waajiri wanne wanatosha. Mzee mmoja wa kitengo cha rangi anasema ni kwa sababu wanne wao hujaza ukumbi.) Fomu ya kuomba kutambuliwa ikapokewa na mlinzi. Kwenye daftari la wageni, pale pa sababu ya kuja, akaandika "binafsi".

Ulimpa mwajiri siku 30 akutane nasi. Siku ya 29 meneja utumishi alituita uwanjani, akatangaza kwamba sisi ni familia moja na familia haihitaji chama. Papo hapo akatuletea kamati ya ustawi aliyoiteua mwenyewe, mwenyekiti msimamizi wa zamu. Kwetu, mtu anayejiposa na kujijibu mwenyewe hupelekwa kwa mganga.

Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri akatutambua shingo upande. Tukaomba nyongeza ya mshahara. Akasema mwaka huu mgumu, kama alivyosema mwaka jana alipokuwa akijenga ghala la pili. Nawe umeandika kwamba kujadiliana kwa nia njema ni wajibu! Shida ya nia, Mshenga, haipimwi kwa mizani. Yeye anasema anayo, imo kabatini ofisini, na mwenye ufunguo yuko likizo. Tukarudi Tume, siku 30 nyingine za usuluhishi. Wakili wake akaomba tarehe ya mbele kwa kuwa anauguliwa. Hatukupinga.

Sasa nije kwenye hasira, maana hapo ndipo ulipotuweza. Binadamu hukasirika kwanza, maneno akayatafuta baadaye. Wewe unataka usuluhishi ushindikane, tupige kura, wengi waafiki, kisha tumwandikie mwajiri kwamba baada ya saa 48 tutakuwa na hasira. Tukishakasirika, tusijipange getini na mabango, umekataza. Wala tusimfungie ndani. Naye umemkataza kuleta watu wa badala, tunakupongeza, ila vibarua wanaojikusanya nje ya geti kila alfajiri hawajakusoma. Siku za mgomo halazimiki kutulipa. Na akitaka kutufungia nje, naye atoe notisi ya saa 48 zile zile. Usawa ulioje! Yeye afunge geti, sisi tufunge mikanda.

Wa kwetu nao wana lao. Ada ya chama umeilinda kweli kweli: mwajiri akipitisha siku 7 baada ya mwezi kuisha bila sababu ya maana, anadaiwa asilimia 5 kwa kila siku anayochelewa. Laiti viongozi wangefika kiwandani kwa kasi ya ada hiyo! Tunaonana nao Mei Mosi wakigawa fulana na kofia, kama kamati ya harusi iliyotumia michango yote kwenye matarumbeta, bibi harusi akasahauliwa saluni.

Kwa kuwa unapenda kuarifiwa mapema: usuluhishi umeshindikana, na Jumamosi baada ya zamu ya mchana tunapiga kura. Ikipita, Jumatatu saa mbili asubuhi tutampa barua mlinzi yule yule. Jumatano saa mbili asubuhi tutakasirika. Hadi hapo tunaendelea kutengeneza mabeseni.

Wako katika mahusiano,
Katibu wa tawi, kiwanda cha mabeseni

Nakala: Meneja utumishi (aisome kwa nia njema)