Laptopu Iliyomkataa Mwenyewe

Ilianza siku mbili kabla ya mnada wa ufuta. Nilibonyeza kitufe, feni ikavuma, nembo ikatokea, pakaja pale pa kuandika nywila. Nikaandika herufi nne, kioo kikawa cheusi tii. Kitaa cha pembeni kikabaki kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia, kama mtu anayekoroma taratibu. Nikabonyeza tena, ikaamka. Herufi nne, giza.

Mimi ni karani wa chama cha msingi hapa Nachingwea. Ufuta wetu, kama korosho, unauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima analeta magunia, tunapima, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindania bei mnadani, halafu fedha inaingia benki kwa kila mkulima. Inaingia, ilimradi karani awe ametuma orodha yenye jina, kilo na namba ya akaunti. Orodha ya watu mia tatu na ushee ilikuwa ndani ya lile giza. Nakala kwenye flashi? Usiniulize.

Presha ikapanda. Nikaisogeza bangili yangu ya presha juu kidogo ya mshipa wa mkono wa kushoto, kama nilivyoelekezwa na kijana aliyeniuzia gulioni kwa shilingi 15,000, nikaanza kazi. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa chaji, nikachomeka. Nikaihamishia sebuleni, labda chumbani haipapendi. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwa simu nitoe betri na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki tumboni utoke wote. Nikahesabu kwa sauti. Mama watoto akachungulia mlangoni, akanitazama nimeikumbatia laptopu iliyopinduliwa huku nahesabu ishirini na moja, ishirini na mbili, akarudi jikoni bila neno. Nikarudisha betri. Ikawaka vizuri kabisa. Herufi nne, giza.

Fundi simu wa karibu na stendi aliifungua skrubu nne tu akatikisa kichwa. "Anko, hii umelima nayo?" Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la barabara na, juu yake, unga wa njano. Salfa. Msimu huu tunapulizia mikorosho, na mashine yangu ilikuwa imepuliziwa vizuri kuliko mikorosho ya baadhi ya wanachama. Akalipiga brashi, akachomoa RAM, akaisugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, polepole, kama mtu anayesafisha kito. Akairudisha.

"Nywila?"

Nikamtajia. Wateja wawili wakacheka, na yeye akacheka, akaandika. Laptopu ikafunguka yote, orodha hiyo hapo, mia tatu na ushee, wazima. Nikalipa, nikaifunika, nikaipeleka nyumbani kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali.

Nyumbani, herufi nne, giza.

Nikarudi. Kwake ikafunguka. Nikaenda nayo ofisini, giza. Safari ya tatu fundi alinipokea kwa upole ule wanaopewa watu wanaoanza kuchanganyikiwa. "Anko, mimi naona inataka kupigwa Windows upya." Kupiga Windows ndiyo panadoli ya mafundi wote, akikosa ugonjwa, anapiga Windows. Nikakataa, kwa ajili ya orodha. Mzee mmoja mwenye magunia yake manane ghalani, aliyekuwa akinifuata nyuma tangu asubuhi, akasema yeye hasemi kitu, ila mashine haimkatai mtu bure. Labda kuna kilo za mtu zimeandikwa vibaya.

Na hapa Nachingwea ukilalamika kwamba mashine imegoma hupati huruma, unapewa historia. Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta Tanganyika matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakatujengea na reli kutoka Mtwara. Kufikia 1951 wamenyoosha mikono. Reli nayo ikang'olewa baada ya Uhuru. Kwa hiyo karani mwenye kilaptopu kimoja, nani amlilie.

Kesho yake alfajiri nikapanda gari la Ruangwa. Nilikuwa nimesikia yuko kijana kule anayefungua kompyuta hadi utumbo. Nikaipakata, nimeizungushia kanga ya mama watoto, na kila shimo la barabara nililipokea kwa magoti yangu ili lisiifikie.

Kijana nilimkuta amevaa jezi ya Namungo. Ukutani, picha ya Namungo. Mwanafunzi wake, jezi ya Namungo. Nilipaswa kulitegemea hilo. Ruangwa ndiyo nyumbani kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akaiwasha. "Nywila?"

Nikanyamaza. Nywila yangu ni simba2namungo1. Wasiojua: Agosti 2020, kule Sumbawanga, fainali ya Kombe la Shirikisho. Namungo ndio kwanza wametoka kucheza msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, wakafika fainali, sisi Simba tukawafunga mbili kwa moja. Kule Nachingwea nywila hiyo ilikuwa mzaha. Hapa ilikuwa kesi.

"Nitaandika mwenyewe," nikasema.

"Andika, mzee."

Akasimama nyuma yangu, mikono kifuani. Herufi nne, giza. Akaiamsha. Nikaandika tena, giza. Safari ya tatu hakuangalia kioo, aliangalia mkono wangu.

"Mzee, hebu vua hiyo bangili."

Nikavua. Nikaandika nywila yote, herufi na tarakimu. Laptopu ikafunguka.

Akaichukua bangili, akaigusisha kwenye bisibisi. Ikanata. Akaanza kuitembeza taratibu ukingoni mwa laptopu, kama daktari anayesikiliza kifua. Kulia, hakuna kitu. Katikati, hakuna. Kushoto, pale ninapoegemeza kiganja nikiandika, kioo kikazima. Akaiondoa, akabonyeza, ikaamka. Akanieleza kwamba kwenye kifuniko cha laptopu kuna sumaku ndogo, na kwenye kiwiliwili, chini ya plastiki, kuna kihisi. Ukifunika, sumaku inakikaribia kihisi, mashine inajua imefungwa, inalala. Mimi nilikuwa nailaza kwa mkono wangu kila nilipotaka kuiamsha, siku mbili mfululizo, huku nikiilaumu salfa.

Orodha niliituma palepale kwenye benchi lake. Bangili sasa iko ofisini, imeshikiza tangazo la bei za ufuta kwenye kabati la chuma, na kazi hiyo inaiweza. Zahanati wamenipima wakanipa vidonge.

Nilipouliza bei, kijana alisema ni 10,000, au bure, kwa sharti moja. Kumbe zile nukta zinaficha herufi, hazifichi vidole. Alikuwa ameisoma nywila yote mgongoni kwangu. Nikachagua bure. Sasa kila asubuhi, kabla sijaona hata jina moja la mkulima, mimi mwana Simba wa tangu utotoni naandika namungobingwa.